Mkunjo

Miaka ishirini na sita nimekunja mashuka
katika chumba cha kufulia cha hoteli, hapa Liepāja,
mji ambao upepo wake haubishi hodi.
Nalijua shuka lililokunjwa vibaya:
halikai rafuni. Linaliangukia jenzake,
jenzake linaliangukia jingine,
mpaka mlango wa kabati haufungiki.

Kwa hiyo Daktari Strautmane aliponichorea ini langu
nyuma ya risiti,
sikuhitaji mhadhara.
Ini hutengeneza mlinzi, alisema, humtuma mapafuni.
Huko viko vimeng'enya vyetu wenyewe,
vikali, vyenye kazi yao,
ila lazima awepo wa kuviambia: basi.
Katika ukoo wenu herufi moja imekosewa.
Mlinzi anakunjika kombo,
hatoki. Analundikana.
Huku ini linajaa,
kule mapafu yanaliwa.

Nikamkumbuka kaka yangu Gunvaldis,
tarumbeta ya kwanza, bendi ya zimamoto,
hadi ngazi tatu tu zikamshinda.
Mama alisema ni sigara.
Miaka tisa alimkata maini kwa neno hilo,
na Gunvaldis hakuwahi kuvuta hata moja.

Sasa nina kidonge.
Cheupe, kidogo kuliko kifungo cha foronya.
Kinapenya, wanasema, mpaka ndani ya seli,
kinamkuta mlinzi angali mbichi,
kabla hajakauka katika kosa lake,
kinamwekea kidole penye mkunjo
kama ninavyoshikilia pembe mimi
Rasma akivuta upande wa pili.

Au ni chaki.
Nusu yetu tunameza chaki.
Kompyuta moja kule Riga ndiyo ijuayo nani,
daktari mwenyewe hajui, na amekatazwa kujua.
Natia sahihi. Natoa damu,
mirija sita, vifuniko vya zambarau.
Muuguzi ananiambia nipulize, napuliza
mpaka macho yanatoka machozi,
na namba ikijitokeza anaifunika kwa kiganja
kama mtoto afichaye jibu la hesabu.

Usiku nalala chali, mkono chini ya mbavu za kulia.
Nasikiliza.
Ini halina sauti.

Leo nimepanda ngazi na kapu,
nimepumzika mara moja. Jana ilikuwa mara mbili.
Sijamwambia mtu.
Lakini leo kapu lilikuwa la foronya.