Kidude cha Muziki

Nilikilipia nusu mshahara,
kidude cha kuchomeka mgongoni
mwa shajara yangu ya kiganjani,
hiyo inayojua vikao vyote vya wizara
na deni ninalodaiwa na Mbeleje wa saruji.

Nilitaka kitu kimoja tu:
ilimba ya mjomba Ndahani,
tuliyoirekodi Mvumi, mbuzi wakiingilia.

Ikalia kama njugu kwenye debe.
Kabla ya kiitikio
betri ikakata roho,
ikaondoka na tarehe zangu zote.

Leo nimekaa Kizota, vumbi linabisha dirishani,
sina muziki, sijui kama nina kikao.
Mbeleje akija atanitajia mwenyewe
ananidai ngapi.

Mbuzi, lakini,
niliwasikia vizuri.