Zamu ya Maji

Ufunguo ukigusa kitasa, kibofu huamka.
Sijui nani alimfundisha kengele hiyo.
Kutoka kiwandani mpaka Kiboriloni ametulia
kama mtoto aliyeshiba;
nikifika mlangoni pangu ananipigia kelele: sasa, sasa, sasa,
nami naacha kapu la ndizi kizingitini
na kiatu kimoja uani.

Mji wa Moshi naujua kwa vyoo vyake.
Cha stendi, mia tatu, karatasi kwa kugawiwa.
Cha nyuma ya soko la Mbuyuni hakina komeo,
mlango unaushika kwa mguu, unaimba ili watu wajue.
Cha kanisani kiko mbali, ng'ambo ya ofisi ya mchungaji,
ndiyo maana niliiacha sauti ya kwanza
nikahamia benchi la nyuma, na wenye watoto wachanga.
Wakadhani nimekosana na mwalimu wa kwaya.
Niliwaacha wadhani.

Mficha maradhi, wasema, kilio humfichua.
Mimi nilifichuliwa na kitenge,
harusini kwa binti wa shemeji yangu,
doa limetanda kabla keki haijakatwa.
Mama Nkya akaliona. Akanimwagia soda mapajani, chupa nzima,
akapaza sauti: "Jamani, mikono yangu hii!"
Deni hilo sijamlipa.
Jumatatu yake alinishika mkono mpaka hospitali.

Nilitegemea kisu. Nikapewa daftari.
Hosiana, mtaalamu wa viungo, umri wa kitinda mimba wangu,
akaniongezea jagi la plastiki lenye mistari:
andika saa, andika kipimo, andika ulichokunywa.
Siku tatu nikawa karani wa mizani ya mwili wangu.
Safari za chooni: kumi na saba, kucha na kutwa.
Vikombe vya kahawa: sita.
Ile sita akaizungushia duara.

Nikacheka. Mimi?
Miaka ishirini na mitano nachambua kahawa,
vidole vinaijua punje mbovu gizani,
ada yangu ya shule ilitoka kwenye magunia hayo,
leo niambiwe ndiyo inayonitekenya?
"Nimesema upunguze," akasema, "sijasema uizike."

Kisha: kaza, kama unayezuia.
Si tumbo. Si makalio. Usikunje uso, mama. Pumua.
Hesabu tano. Legeza.
Sasa nafanya mezani, kazini, katikati ya wanawake arobaini:
nakaza, punje nyeusi kushoto,
nalegeza.
Msimamizi hupita akinisifu kwa utulivu.

"Na akija kabla ya saa yake, usikimbie.
Simama. Mwache asukume, atachoka."

Hapo nikamwona baba, na mfereji wetu kule Mbokomu.
Usiku maji yalilala bwawani,
alfajiri kila kihamba kwa zamu yake.
Yalisukuma ubao, yakanguruma, yakatishia,
naye ameketi juu ya jiwe anafunga kamba za viatu.
"Yana haki ya kusukuma," alisema.
"Kuchagua saa, hapana."

Wiki ya kwanza, dakika arobaini.
Wiki ya tano, karibu saa mbili.
Wiki ya sita masika yakaanza, bati likaimba usiku kucha,
nikalowa mara mbili. Nikaandika, kwa kalamu nyekundu.
Kidonge nacho kinanikausha kinywa,
ulimi unanata katikati ya pambio.
Nikamuuliza Hosiana, nitapona?
Akafunua daftari, akaniambia nisome mwenyewe.

Jana jioni, ufunguo kitasani.
Akaamka. Sasa, sasa.
Kwa jirani mtu amefungua bomba, kana kwamba wamepatana.
Nikasimama.
Nikakaza, mara tano, upesi upesi.
Nikainama kufunga kamba za viatu.
Nilikuwa nimevaa kandambili.
Nikazifunga hivyo hivyo, taratibu, fundo mbili.

Kapu likaingia. Ndizi zikapanda mezani.
Ndipo nikaenda, natembea.