Daftari la Mizani

Nilipima kahawa ya watu miaka ishirini na mmoja
katika ghala la chama cha msingi, Kibosho.
Nilimjua kwa jina kila aliyelowesha gunia
ili maji yalipwe bei ya buni.
Sasa kila alfajiri nakojoa katika jagi la plastiki,
nalinyanyua dirishani, usawa wa jicho,
na sijiibii hata mililita moja.

Mia nne na ishirini. Uzito sitini na mbili na nusu.
Joto thelathini na sita nukta saba.
Presha mia na thelathini na moja kwa themanini na nne.
Naandika kwa kalamu ya bluu. Nyekundu nimeificha.

Saa mbili asubuhi, vidonge.
Saa mbili usiku, vidonge.
Jogoo wa jirani hukosea, kengele ya misa huchelewa,
mimi sina ruhusa hiyo.
Hata msibani nimechomoka katikati ya wasifu wa marehemu
nikameza na maji ya chupa nyuma ya turubai,
wafiwa nimewapa mgongo.

Walinishona Dodoma, mwezi wa Juni.
Zile mbili zangu waliziacha palepale,
zimesinyaa kama buni zilizosahaulika juani.
Hii mpya iko mbele, chini kulia, juu ya nyonga;
kitenge nakifunga fundo upande wa pili
nisiibane.

Ni ya Ndekirwa, kaka yangu.
Tulikuwa hatusemezani miaka sita,
tangu tulipoanua matanga ya baba,
kwa ajili ya hatua nne za kihamba
na mstari wa masale aliong'oa usiku.
Hakuja na jani la isale kuniomba radhi.
Alikuja na karatasi ya maabara,
akaiweka mezani, akasema, "Inalingana."
Halafu akaomba chai.

Sasa ananipigia kila jioni kutoka Kindi,
mtu mzima, mzee wa kanisa:
"Umekojoa ngapi leo?"
Na mimi, niliyemwapiza asivune hata mkungu mmoja,
nafungua daftari, namsomea.

Mbege ya kata moja inayozunguka midomo: hapana.
Kisusio: hapana. Maziwa yasiyochemka: hapana.
Balungi naogopa hata kulinusa.
Lakini ndizi!
Enzi za mashine nilizichemsha mara mbili, nikamwaga maji yake,
nikala kitu chenye sura ya ndizi.
Siku waliponiruhusu, kwa kiasi, nililia juu ya sufuria
mpaka wanangu wakadhani mboga imeungua.

Jumanne ya kliniki, mjini Moshi, simezi kitu
mpaka damu ichotwe kwanza.
Kidonge nakifunga kwenye pindo la leso kama nauli.
Nesi Restituta anagonga mkono wangu kwa vidole viwili,
"Mshipa wako leo una haya, Aikande."

Novemba kreatini ilipanda.
Tisini na nane. Mia na kumi na tisa.
Mia na hamsini na mbili.
Daktari alisema taratibu: mwili umemwona mgeni,
walinzi wake wameamka.
Siku tatu za dripu. Mlima ulijifunika siku zote tatu.
Niliona aibu.
Kumbe mdomo ulishasamehe,
damu haikuambiwa.

Usiku wa pili, wodi nzima imelala,
niliweka kiganja juu ya nyonga
nikasema nayo kwa Kichagga, kwa sauti ya kunong'ona
nisimwamshe wa kitanda cha dirishani:
Kaa.
Zile hatua nne, chukua.

Daftari la kwanza limejaa; la pili lina picha ya twiga.
Leo mia nne na hamsini. Kreatini mia na nne.
Simu inalia, ni saa mbili kasoro dakika moja.
"Subiri," namwambia,
"nimeze kwanza."