Mistari Minne, Ukurasa wa Tisa

Gazeti lilifika likiwa nguo ya pasi.
Wenye duka wa Auckland walikuwa wameizungushia
pasi ya makaa ya mke wa mchungaji,
nasi tukaikunjua karatasi polepole
kama mtu anayemfungua mgonjwa bandeji,
kwa kuwa kwetu karatasi haikutupwa.

Ilikuwa ya mwezi wa tatu. Sisi tulikuwa mwezi wa nane.

Ukurasa wa tisa, chini ya bei ya siagi,
juu ya farasi aliyeshinda kwa urefu wa shingo,
tulikuwepo.

Teremoana, mpiga simu ya upepo, ndiye aliyetuona kwanza.
Akaweka kidole. Akanyamaza.
Habari ile aliipeleka yeye mwenyewe,
usiku wa tatu baada ya kimbunga,
waya umefungwa kwa kamba ya wavu
kwenye mnazi uliokatika kichwa,
betri inakata roho,
naye akihesabu maneno
kama mama anayehesabu magimbi ya mwisho,
maana Serikali ililipa kwa neno,
na majina ya watu, aliambiwa, si lazima.

Mistari minne.
Jina la kisiwa limekosa herufi mbili
(Papa Ngametua akasema: nazo zilikwenda na maji).
Ghala la mbata limebomoka, hasara pauni mia sita.
Wenyeji kadhaa wanahofiwa kufa.
Hakuna Mzungu aliyedhurika.

Siku ile ukimuuliza mtu habari
alikuonyesha nyumba ya Teremoana.
Jioni wakaja na mikeka yao.
Soma, wakamwambia, tusikie tunavyosemwa.
Mama Tuaine alikuja na kofia yake ya kanisani,
kwa sababu amesikia mwanawe yumo gazetini.

Teremoana akasogeza taa.
Akasoma.

Akasoma mbwa waliohama ufukweni tangu alasiri.
Akasoma wimbi la kwanza, lililokuja bila sauti.
Akasoma Mataio, aliyerudi kuchukua Biblia na nguruwe
akaonekana kesho yake amemkumbatia nguruwe,
na watu wakacheka, kisha wakaona wamecheka.
Akasoma Vaine na kichanga ambacho hakijapewa jina.
Akasoma Poila wa Mama Tuaine, miaka kumi na mmoja,
aliyeweza kupiga mbizi kwa pumzi mbili za mtu mzima,
na kwamba huko Auckland, watu waliposoma hayo,
waliweka vikombe vyao vya chai mezani.
Akasoma hata kisima, na ladha ya maji yake.
Mafuta yakapungua, tukaongeza.
Mistari minne ikala saa nzima.

Mimi nilikuwa na miaka saba, nimeegemea kiwiko chake,
na shule ya misheni ilikuwa imeshanipa herufi.
Nikaona kidole chake hakisogei.
Kilikuwa kimesimama juu ya neno moja tu:
kadhaa.

Sikusema. Sijui kwa nini. Labda kwa ajili ya kofia.

Mama Tuaine akaomba kipande kile.
Mkasi ulikuwa butu, ukakata na nusu ya farasi,
na hivyo ndivyo alivyokihifadhi, ndani ya Zaburi:
sisi, bei ya siagi, na kichwa cha farasi bila jina.

Meli ikaja, ikachukua mbata. Bendera ikabadilishwa
kwa sababu ile ya zamani imechanika, si kwa sababu nyingine;
nyingine ilichelewa miaka.
Teremoana akahamia Rarotonga, akafia huko,
na gazeti halikuandika.

Macho ya Mama Tuaine yalipozimika
aliniita, akanipa kipande, kimekuwa laini kama kitambaa.
Nikaweka kidole mahali nilipopajua.
Nikakohoa. Nikaanza:
Wimbi la kwanza lilikuja bila sauti...

Umeruka, akasema.
Kabla ya wimbi kuna mbwa.