Nomino Zisizohesabika

Tukuyu, saa kumi na moja, mvua imekuja bila hodi.
Wamebaki tisa kwenye madawati ya Kidato cha Kwanza,
sweta zinanuka moshi wa mikaratusi,
nami nimeandika ubaoni kwa chaki iliyolowa:
maji, mchele, chai, mvua, fedha.
Hizi, nasema, Kiingereza hakizihesabu.

Tusajigwe ananyoosha mkono mpaka dawati linalia.
"Mwalimu, hata fedha?"
Hata fedha.
"Lakini mama huzihesabu."

Darasa linacheka. Nami nacheka, ndilo kosa langu.
Yeye hacheki.
Vidole vyake vina weusi wa utomvu wa chai;
Jumamosi nzima alikuwa na kikapu mgongoni,
na karani wa mizani akakata kilo mbili
kwa sababu ya maji. Maji yale yale
niliyoyaandika mwanzo wa orodha.

Natafuta kanuni kitabuni. Kanuni ipo:
tanguliza chombo, kikombe cha chai, gunia la mchele,
kisha hesabu chombo.
Wanaandika. Bati linapiga kelele, hatusikilizani.

Usiku, kwa mwanga wa simu, nasahihisha daftari lake.
Zoezi la tisa: tunga sentensi moja.
Ameandika, kwa herufi za kubania karatasi,
kwamba nyumbani chai ni nyingi, fedha si nyingi,
na ile "nyingi" ya Kiingereza kaipatia mara zote mbili.

Nimeweka vema.
Kalamu nyekundu imebaki hewani,
inatafuta kosa.