Vichupa Viwili, Boflo Moja

Leo Shekue kaniletea kichupa kipya,
kifuniko cha dhahabu, ukanda mwekundu shingoni,
na namba imepigwa kitakoni:
elfu mbili mia moja na sita.
"Toleo maalumu, Bibi. Vikiisha havitengenezwi tena."
Nikamwambia, kiweke kando ya mwenzake tuone.

Mwenzake namjua. Ana kovu la kisu mdomoni,
lebo imebambuka kwa mvuke wa birika.
Athmani, Mungu amrehemu, alianza kumnunua
mwaka ule alioajiriwa bohari za Kilindini,
dukani kwa Alidina, Mwembe Tayari,
rafu ya juu, karibu na dawa ya viatu.
Mara ya kwanza nilidhani ndiyo dawa ya viatu.

Haya. Boflo nimekata vipande viwili,
siagi nyembamba, strungi isiyo sukari.

Kipya kwanza.
Kinateleza. Kinanukia pilipili manga
na uyoga fulani wa Ulaya, asema Shekue,
uliokuwa ukifukuliwa na nguruwe.
Nikaacha kutafuna.
"Siku hizi wanatumia mbwa, Bibi."
Kana kwamba hapo ndipo ameniponya.

Kitamu, sikisingizii.
Lakini utamu wake ni wa mgeni wa harusini:
anakuamkia kwa mikono miwili,
ukigeuka tu, jina lake limekutoka.

Kisha cha zamani.
Ulimi ulijikunja kabla meno hayajafika.
Chumvi. Halafu uchungu wa ukoko
ulioungua wewe umesimama mlangoni wateta na jirani.
Halafu, ukistahamili, hamira yenyewe,
ile ile ya mahamri,
ila hii haikuumuka:
ilikaa chini, ikanywea, ikaweka kinyongo.
Athmani akiipaka nene.
"Hii haibembelezi mtu," husema,
na machozi yanamlenga.

Shekue anangoja hukumu, makombo kidevuni.
Kichupa kile kimemla mshahara wa siku mbili,
bei hakuibandua vizuri.
Nikasema: kipya kimeshinda.
Akacheka meno yote, ya babu yake yale.

Alipoondoka nikalamba kisu.

Kipya nitakimaliza kabla ya mfungo,
na chupa nimeshaitengea iliki,
kifuniko chake kinabana barabara.
Cha zamani kimebaki vidole viwili.
Kwa Alidina sasa wanauza simu.
Nimekipindua, nikavaa miwani,
nikatazama kitakoni.
Hakina namba.