Yaliyobaki Nje ya Kumbukumbu

Niliambiwa niandike hoja tu.
Afisa alitoka Mbale na karatasi za manila,
kalamu nne za wino mzito,
na swali lililokwisha kupigwa chapa:
Mnataka zahanati ya wazee iweje?

Ukumbi wa kanisa ulinukia nta na mvua.
Waliketi kama wanavyoketi Jumapili,
mikono magotini, wakimsubiri Roho au chai.
Dakika tatu nzima hapakuwa na hoja.
Kimya hakina nambari; sikuandika kitu.

Kisha Kezia Vugutsa akafungua fundo la leso
akamwaga mezani vidonge vyake vyote:
vya presha, kliniki ya Jumatatu;
vya sukari, Alhamisi, mlango mwingine,
kadi nyingine, foleni nyingine;
vya magoti, alivyogawiwa na jirani.
"Mwili huu ni mmoja," akasema,
"lakini mmeukata kama shamba la urithi,
kila mtoto na kipande chake,
na hakuna anayejua mpaka unapita wapi."
Watu wakacheka, kidogo tu.
Vihiga hatuna utani na mipaka.

Cha usiku kilikuwa cha waridi, akaendelea.
Mwezi uliopita akapewa cha buluu.
Hasomi herufi; anasoma rangi.
Akakitupa chooni, kuku wasije wakakidonoa,
akakaa siku kumi na moja bila dawa
akidhani anatii.
Afisa akaweka kalamu chini.

Niliandika: Hoja ya kwanza.
Siku moja, mlango mmoja, kadi moja.
Ni kweli, ndivyo alivyotaka.
Ila kuku sikuwaandika.

Finike Kageha alikuwa na fomu mkononi:
weka alama, mzee au mtunzaji.
Ana miaka sitini na sita; mamake, tisini kasoro mbili.
Humgeuza saa nane za usiku,
mifupa mitupu, lakini mizito
kama gunia la mahindi mabichi,
na mgongo wake mwenyewe ukilia kama bawaba.
"Alama niweke wapi?"
Swali lile lilizunguka ukumbi kama kapu la sadaka,
kila mtu akilipitisha kwa jirani.

Zebedayo Amugune, aliyekuwa seremala,
akaomba karatasi, akaigeuza upande wa nyuma.
Hakuchora zahanati.
Alichora njia: lango lake, mto,
mlima, mawe. Msalaba mahali anapopumzika.
Misalaba minne.
"Mnapamba mwisho wa safari," akasema.
"Mimi naishia huu wa tatu."

Basi tukatoka naye, mvua ikiwa manyunyu,
afisa na viatu vyake vya ofisini.
Kwenye ramani ya kaunti ni kilomita moja kasorobo.
Kwenye miguu ya Zebedayo, hadi jiwe la tatu,
ni dakika arobaini na saba.
Akaketi. Jiwe lilikuwa limelowa.
Tulisimama tukisikiliza kifua chake
kikitafuta hewa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Chini yetu, majani ya chai, kijani kile kisichojali.

Afisa akachuchumaa. Akauliza swali
ambalo halikuwa kwenye karatasi:
"Na muuguzi akikukuta hapa hapa, mzee?"
Zebedayo akamtazama kwa muda.
"Hapa? Kwa nini asimalizie kushuka?
Yeye ana magoti."

Kumbukumbu zilitiwa saini. Hoja saba.
Alhamisi na Jumatatu zimeunganishwa, wanasema,
kuanzia mwezi ujao, au ule unaofuata.
Benchi bado. Mtu fulani, sijui nani,
ametandika gunia juu ya jiwe la tatu.

Jana nilimsindikiza mama sokoni.
Kwa mara ya kwanza nilihesabu vituo vyake.
Vitano.
Miaka yote hii nilidhani
anasimama kusalimia watu.